Naomba ushauri: DVR (mashine ya kurekodi picha za kamera za ulinzi) imekufa, kamera bado nzima
Wakuu, salaam. Nipo Tabata, Dar. Juzi usiku umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, na tangu hapo DVR ya kamera za nyumbani haiwaki. Nimebadilisha adapta ya volti 12, wapi! Nilipoifungua nikakuta kapasita moja imevimba kichwani na bodi imeungua pembeni yake. Fundi kasema haitengenezeki.

Kamera nane zote ni nzima, usiku vitaa vyake vyekundu vinawaka kama kawaida. Zimefungwa kwa waya wa koaksia uliopita darini, kuufumua siwezi. Ninachojua ni kwamba NVR, yaani mashine ya kurekodi kamera za mtandao, haitanifaa kwa kuwa kamera zangu si za aina hiyo. Shida ni kwamba maandishi ya kamera yamefutwa na jua, sijui zinatumia mfumo gani wa kutuma picha: AHD, TVI au CVI. Nikinunua DVR inayopokea mifumo yote mitatu, zitasoma zote?

Kinachoniumiza zaidi ni diski ya kuhifadhia picha (hard disk) iliyokuwa kwenye DVR ya zamani, TB 1. Ina picha za vijana walioruka ukuta wetu mwezi uliopita, na polisi bado wanazihitaji. Nikiipachika kwenye DVR mpya si itataka kuifomati, yaani kufuta kila kitu? Nizitoeje kwanza? Mama anashinda peke yake nyumbani, naombeni mnisaidie mapema.