Aliyefia kwenye meli ya kitalii: familia ilipwe mshahara uliopotea tu, au na uchungu pia?

Wakili wa Gati

Wakuu, naiweka hoja mezani. Meli nyingi za kitalii zinazoondokea Miami hupeperusha bendera ya Bahamas, Panama au Bermuda. Lakini abiria akifa kwa uzembe wa meli nje ya maili 3 za baharini kutoka pwani ya Marekani, madai ya familia yake hufuata Sheria ya Vifo vya Bahari Kuu ya 1920, kwa kifupi DOHSA. Sheria hiyo inafidia hasara ya mfukoni tu: matunzo ambayo marehemu alikuwa akiwapa wategemezi, thamani ya kazi za nyumbani alizofanya, malezi ya watoto wadogo, urithi ambao angeuacha, na mara nyingi gharama za mazishi. Uchungu wa mjane hauhesabiwi. Hata maumivu ya marehemu mwenyewe kabla ya kukata roho hayahesabiwi, na Mahakama ya Juu ya Marekani ililithibitisha hilo mwaka 1998 katika kesi ya Dooley.

Piga hesabu uone inavyouma. Mtu wa miaka 40 anapata dola 80,000 kwa mwaka na anatumia robo yake mwenyewe. Wategemezi wamepoteza dola 60,000 kwa mwaka. Kwa miaka 25 ni 1,500,000, kabla ya kupunguzwa ili kupata thamani ya leo. Sasa mchukue mtoto wa miaka 8 aliyezama kwenye bwawa la meli lisilo na mwokoaji. Hana mshahara wala mtegemezi. Wazazi wake wanabakiwa na risiti za mazishi. Bibi wa miaka 76, mstaafu ambaye watoto wake wote wanajitegemea, yuko karibu palepale.

Msimamo wangu ni kwamba Bunge la Marekani liwape abiria wa meli kile lilichowapa abiria wa ndege mwaka 2000. Ndege ya TWA namba 800 ilianguka baharini karibu na New York tarehe 17 Julai 1996, wakafa watu 230, familia zikabanwa na sheria hiihii. Zikapiga kelele hadi ikarekebishwa, na marekebisho yakarudishwa nyuma ili yazifikie. Leo ndege ya abiria ikianguka zaidi ya maili 12 kutoka pwani, familia inaweza kudai kwa kupotelewa na matunzo, faraja na uandani wa mpendwa wao. Aliyekufa kwenye meli, katika maji yaleyale, familia yake haiwezi.

Bima Pwani

Kaka, ugonjwa umeutambua vizuri, dawa ndiyo nina shaka nayo. Tukumbuke kwanza kwamba DOHSA ilikuja kama nafuu. Tangu hukumu ya Harrisburg ya 1886, sheria ya baharini ya Marekani haikuwa na dai lolote la kifo. Mjane wa aliyekufa baharini alirudi nyumbani mikono mitupu.

La pili ndilo zito: familia nyingi hushindwa kabla hata hazijafika kwenye hesabu ya hasara. Zinashindwa na tiketi. Sheria ya Marekani inairuhusu kampuni kuandika kwenye mkataba wa tiketi kwamba taarifa ya madai itolewe ndani ya miezi 6, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka 1, ilhali muda wa kawaida wa kesi za baharini ni miaka 3. Tiketi hiyohiyo hutaja mahakama, kwa kampuni kubwa mara nyingi ile ya shirikisho iliyoko Miami, na tangu hukumu ya Shute ya 1991 sharti hilo linashika hata kama abiria anaishi upande wa pili wa nchi. Familia inazika, inaomboleza, inaandikiana na ofisi ya huduma kwa wateja miezi kumi, halafu mwaka unakatika. Ukiongeza aina za fidia juu ya dai lililokwisha kufa, bado unapata sifuri.

Mimi ningefuata njia ya Ulaya, yaani Mkataba wa Athens, mkataba wa kimataifa kuhusu abiria wa baharini, na Itifaki yake ya 2002, ambao Umoja wa Ulaya umeuingiza kwenye Kanuni namba 392/2009. Meli ikizama, ikipinduka, ikigongana, ikikwama, ikilipuka, ikiwaka moto au ikipata hitilafu, mwenye meli analipa hadi SDR 250,000 kwa kila abiria bila familia kuthibitisha uzembe (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, moja inazidi dola kidogo). Juu ya hapo hadi SDR 400,000 analipa pia, isipokuwa athibitishe kwamba hakuwa na kosa. Bima ni ya lazima na familia inaweza kumdai mwenye bima moja kwa moja. Muda ni miaka 2. Tena katika ajali ya aina hiyo kanuni ya Ulaya inaamuru malipo ya awali yasiyopungua euro 21,000 kwa kifo, ndani ya siku 15 tangu anayestahili kulipwa atambuliwe.

Wakili wa Gati

Dada, orodha yako ni ya ajali za chombo. Meli ya kitalii Costa Concordia ya Januari 2012, waliokufa watu 32 pale kisiwani Giglio, Italia, ingeingia humo bila shida. Lakini mtu akizama bwawani, akianguka ngazini, au akiugua kifua usiku na daktari wa meli akampa dawa ya tumbo, hiyo si ajali ya chombo. Hapo hata Athens inaitaka familia ithibitishe uzembe. Na vifo vya namna hiyo ndivyo vya kila msimu. Meli kuzama ni nadra.

Kuhusu madaktari kuna hatua moja nzuri. Tangu 1988 kampuni zilikuwa zikijitetea kwa hukumu ya Barbetta kwamba daktari ni mkandarasi anayejitegemea. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliyoko Atlanta ilikataa utetezi huo katika kesi ya Franza: kama daktari amevaa sare ya kampuni na bili inatoka kwa kampuni, kampuni inaweza kushtakiwa kwa kosa lake. Sasa angalia: uzembe umethibitika, mgonjwa ni mstaafu, DOHSA inaingia, na fidia inabaki kiasi cha jeneza. Hilo halirekebishwi kwa kuongeza muda.

Karani wa Madai

Mnapobishana kuhusu Bunge, kuna msomaji mwenye msiba leo. Mambo ya wiki ya kwanza ni haya.

Andikeni barua ya kuitaka kampuni ihifadhi ushahidi, na mtaje kila kitu kwa jina lake: picha za kamera na mahali zilipo, kumbukumbu za kufuli ya mlango wa chumba chake melini, faili la zahanati ya meli, taarifa ya tukio, orodha ya walinzi wa zamu. Picha za kamera ndizo za hatari zaidi, kwa sababu mfumo hurekodi juu ya picha za zamani baada ya muda mfupi. Ombeni uchunguzi wa maiti kabla mwili haujatiwa dawa au kuchomwa. Ukishatiwa dawa, vipimo vya sumu na vya kemia ya damu huharibika. Chukueni majina ya abiria wa vyumba vya jirani kabla hawajatawanyika. Mkataba wa tiketi upakueni mzima, maana ukurasa wa kupandia meli hauna masharti yote.

Halafu teueni msimamizi wa mirathi mapema, kwani ndiye pekee anayefungua kesi ya DOHSA, kwa niaba ya mwenza, wazazi, watoto na ndugu wategemezi. Bima Pwani, nyongeza kwako: kwenye kifo, ule muda wa kutoa taarifa husimama hadi msimamizi ateuliwe, au hadi miaka 3 ipite, lolote litakalotangulia. Lakini sheria inataja muda wa taarifa. Mtu asidhani kwamba na ule mwaka 1 wa kufungua kesi husimama.

Nahodha Mstaafu

Hizo maili 3 zinawapotosha wengi. Watu hudhani meli ikiwa imetia nanga kisiwani Karibi basi bahari kuu imekwisha. Mahakama nyingi za Marekani zimehesabu hata maji ya nchi za kigeni kuwa ndani ya DOHSA. Na kinachotazamwa ni mahali uzembe ulipotokea. Mgonjwa aliyecheleweshwa melini, akapelekwa hospitali ya nchi kavu na kufia huko, bado anaweza kuangukia sheria hiyo. Ndiyo maana daftari la meli lenye saa na nyuzi za mahali ilipokuwa ni ushahidi wa kwanza wa kudai.

Mtetezi wa Mabaharia, Mombasa

Mmezungumza abiria tu. Vijana wa pwani yetu wanapanda meli hizi kama wahudumu na wapishi, na mlango wao ni mwembamba zaidi. Tarehe 25 Mei 2003 boila ya meli Norway ililipuka ikiwa imefungwa gatini Miami, wakafa wafanyakazi 8. Familia za Wafilipino zikafungua kesi Marekani. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ikasema mkataba wa ajira unawapeleka kwenye usuluhishi Ufilipino, ambako mkataba wa kawaida ulitoa dola 50,000 kwa kifo, na 7,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 21, wasizidi wanne. Meli ilikuwa bandarini Marekani, si bahari kuu!

Kwa hiyo baharia asome kifungu cha usuluhishi na kiwango cha fidia ya kifo kabla hajaweka sahihi, na nakala ibaki nyumbani kwao. Mkataba wa Kazi za Baharini, ambao Kenya iliuridhia 2014 na Tanzania 2019, una marekebisho yaliyoanza Januari 2017: mwenye meli awe na dhamana ya fedha kwa kifo cha baharia, hati yake ibandikwe melini panapoonekana, fidia ya mkataba ilipwe yote bila kuchelewa, na familia isishinikizwe kupokea pungufu. Wakala akimpa mjane karatasi ya kukubali nusu ili alipwe haraka, amevunja kanuni hiyo.

Bima Pwani

Kwa mtoto wa miaka 8 nimekubali, Kaka. Hakuna muda wa kesi unaoziba pengo hilo. Ila nashikilia kwamba muswada ukiacha mwaka 1 wa tiketi kama ulivyo, utawafaa wenye mawakili tu.

Wakili wa Gati

Basi viingie vyote viwili kwenye muswada mmoja. Ugumu uko kwenye kura. Baada ya wafanyakazi 11 kufa kwenye mtambo wa mafuta wa baharini Deepwater Horizon, Aprili 2010, Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kupanua fidia Julai hiyohiyo. Ukaishia Seneti.