Saa ya Kiswahili tuiache au tubaki nayo? Mimi nasema tubaki nayo, shida ni tunavyoiandika

Wadau naombeni tulijadili hili. Wiki iliyopita kazini kulizuka ubishi, mwenzetu mmoja kasema simu zinaonyesha 8:00 halafu mdomoni tunasema saa mbili, tunawachanganya wageni na sisi wenyewe tunajichanganya, bora tuanze kusema "saa nane asubuhi" yaishe. Wengi wakamuunga mkono, hasa vijana. Mimi nilikataa na bado nakataa.

Tuna dada mmoja Mholanzi pale ofisini, siku za mwanzo ukimwambia kikao saa tatu anatokea saa tisa mchana, watu wameshatawanyika zamani. Akaniuliza kwa nini nyie saa moja yenu iko pale kwenye 7? Nikamuuliza kwenu jua linachomoza saa ngapi, akasema inategemea, Juni saa kumi na moja na robo alfajiri tayari limetoka, Desemba wanalisubiri mpaka karibu saa tatu asubuhi. Sasa mtu wa hivyo ataanza vipi kuhesabu toka kulipokucha? Lazima aanzie usiku wa manane. Sisi hapa Dar mwaka mzima jua linatoka kwenye saa kumi na mbili hivi, tofauti haifiki hata saa nzima, kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya mchana imetimia, basi. Na hatuko peke yetu, Waganda kwa lugha yao wanahesabu hivihivi, Wanyarwanda hivihivi, Waethiopia hivihivi. Najua wa Kigoma mtasema kwenu saa kumi na mbili bado giza, ni kweli, kwenu linachelewa kama dakika 40 kuliko Dar, lakini hata nyie sijawahi kusikia mnalalamika kwamba hesabu haieleweki.

Babu yangu alikuwa na saa ya mkono ya mishale. Mshale mfupi ukiwa kwenye 8 yeye anasoma namba inayotazamana nayo, 2. Mimi alinifundisha nikiwa darasa la pili, anakishika kidole changu anakivusha juu ya kioo toka 8 mpaka 2, toka 9 mpaka 3, toka 10 mpaka 4, na mpaka leo nikiangalia saa ya ukutani jicho linavuka lenyewe. Mpwa wangu anayesoma ingilishi midiamu hakuna aliyemvusha, juzi kamwambia bibi yake "nimeamka saa nane", bibi akashtuka, akadhani mtoto anaumwa, saa nane za usiku anaamka kufanya nini? Mtoto simlaumu, sisi wakubwa ndio hatukumfundisha.

Ila kuna upande wenzangu wana haki. Mwaka jana mama yangu alipewa kadi ya kliniki imeandikwa "2:00", hakuna asubuhi hakuna mchana. Saa mbili asubuhi yuko kwenye benchi, hajanywa hata chai maana alijua anakwenda kutolewa damu, kuuliza anaambiwa wewe mpaka saa nane. Masaa sita mama wa miaka 68 amekaa na njaa! Niliumia sana. Na tiketi za basi ni vilevile, huyu kaandika 12:00 akimaanisha alfajiri, yule 06:00 safari ileile. Lakini jamani hapo kosa ni la saa ya Kiswahili au la aliyeandika nusunusu? Ukiandika kwa mtindo wa kompyuta andika 14:00, ukiandika Kiswahili andika saa 8:00 mchana, na hilo neno mchana lisikosekane hata siku moja, ndio linalobeba kila kitu. Hili lingewekwa kuwa lazima kwenye kadi za hospitali na tiketi zote, ubishi wetu ungepungua nusu.

Panaponipa tabu kidogo ni siku, sio saa. Pwani wazee siku yao inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni huu wa Alhamisi baada ya magharibi. Shangazi yangu Tanga alialika watu maulidi usiku wa Ijumaa, wageni wa kutoka bara wakafika siku ya pili yake, wakakuta masufuria yameshaoshwa na mikeka imekunjwa. Hapo nakubali tuige redio, "usiku wa kuamkia Ijumaa", kila mtu anaelewa.

Sasa nyie mnaotaka tuiache naombeni mnijibu hili tu: adhana ya magharibi ikilia, bibi yako akakuuliza saa ngapi mjukuu wangu, utamwambia sita na nusu?