Kipindi cha sanaa kinaweza kufundisha kuhusu uonevu bila kumwumiza upya anayeonewa?

Kalamu Butu (ameuliza):
Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha watoto wa miaka minane na tisa, na kwa muda sasa kuna mmoja ambaye wenzake wanamtenga. Hawampigi wala hawamtukani mbele yangu, ila kila wanapotakiwa kukaa wawili wawili anabaki peke yake, na akipita karibu na madawati yao wanavuta madaftari kana kwamba atayachafua. Nimekwisha kulizungumza jambo hili darasani bila kumtaja mtu. Wote wakaitikia kwa sauti moja kwamba uonevu ni mbaya, kisha wakaendelea kama kawaida. Sasa nafikiria kutumia vipindi viwili vya sanaa. Shughuli ninayoifahamu ni ile ya karatasi: kila mtoto anakata umbo la moyo, analikunjakunja huku akilisemea maneno mabaya, kisha analikunjua, anaomba radhi, na kuona kwamba makunyanzi hayaondoki. Je, inafaa kwa hali kama hii? Kama mna shughuli nyingine, naomba mnieleze inavyoendeshwa, si jina lake tu.

Mshauri wa Wanafunzi:
Mwalimu, usidhani jambo hili ni dogo kwa kuwa hakuna kofi wala tusi. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuchunguza uonevu shuleni katika nchi za Skandinavia miaka ya 1970, alitaja alama tatu: tendo ni la kukusudia, linarudiwarudiwa, na anayetendewa hana nguvu sawa na wanaomtenda. Kutengwa kunaingia humo bila shaka yoyote.

Ile shughuli ya karatasi mimi niliiacha. Mtoto asiyeonewa huondoka amejifunza kwamba maneno huumiza, jambo alilokuwa analijua tayari, lakini yule anayeonewa huambiwa mbele ya wote kwamba yeye ndiye karatasi yenye makunyanzi yasiyotoka. Zaidi ya hayo, kwa dakika kadhaa darasa zima limeruhusiwa kutamka matusi, naye anayasikia, na baadhi yake anayatambua.

Mimi ningewaelekea watazamaji. Mwaka 2001 watafiti Hawkins, Pepler na Craig wa Kanada walichapisha matokeo ya kuwatazama watoto wa shule za msingi: watoto wengine walikuwapo katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu, wakaingilia kati katika asilimia 19 tu, lakini pale walipoingilia, zaidi ya nusu ya majaribio yao, yaani asilimia 57, yalikomesha uonevu ndani ya sekunde 10. Kwa hiyo mchoro wenye mwonevu mmoja na mwonewa mmoja, kama tunavyouona kwenye mabango, unaacha nje watu ambao ndio wenye uwezo wa kubadili mambo. Wape karatasi yenye tukio ulilolichora wewe mwenyewe kwa mistari michache, likihusu wanyama wa kubuni na wala si watoto, halafu kazi yao iwe kuchora waliosimama kando: wako wapi, wanatazama nini, mikono yao inafanya nini. Kipindi cha pili wanachora tukio lilelile baada ya mtazamaji mmoja kusogea hatua moja.

Mchoraji Mstaafu:
Naunga mkono, na ninaongeza mambo ya namna ya kuiendesha kazi yenyewe, maana shughuli nyingi nzuri huharibikia hapo. Usianze na kalamu za rangi. Ukiwapa rangi mapema, nusu ya kipindi itaishia kwenye kupaka anga na nyasi, na watazamaji watachorwa haraka haraka kama vijiti vinavyofanana. Anza na penseli pekee, na umtake kila mtoto achore watazamaji wasiopungua watatu, kila mmoja akiwa na mkao wake. Katika umri huo mtoto hukuza kitu anachokiona kuwa muhimu, kwa hiyo utaona mwonevu mkubwa mno na mtazamaji mdogo pembeni kabisa. Liulize darasa kwa nini amechorwa mdogo hivyo. Majibu yao yatakuwa ya kweli kuliko ya swali la «uonevu ni nini». Usiugeuze ukubwa huo kuwa uchunguzi wa akili ya mtoto, hata hivyo: wakati mwingine karatasi ilimwishia tu.

Na kwa tatizo lako la kukaa wawili wawili, jaribu mchoro wa pamoja usio na maneno. Karatasi ni moja, kila mmoja ana rangi moja tu, wanapokezana mstari mmoja mmoja kwa dakika kumi, na hairuhusiwi kufuta wala kupita juu ya mstari wa mwenzako. Panga jozi wewe mwenyewe na ubadilishe jozi za darasa zima, ili mtoto huyo asionekane ndiye sababu. Hakuna wema unaotajwa popote, lakini hakuna anayeweza kumaliza kazi bila kumsubiri mwenziwe.

Mzazi wa Wawili:
Mimi si mwalimu, nina ombi moja tu. Mwanangu aliwahi kuambiwa achore siku aliyoumizwa, akachora kwa uaminifu, na kesho yake mchoro ulikuwa umebandikwa ukutani, na wale waliomwumiza walikuwa wanausoma na kucheka. Tafadhali, kazi za namna hii zisibandikwe bila mtoto mwenyewe kukubali.

Chaki Moja:
Ninatofautiana kidogo na Mshauri kuhusu karatasi. Mimi bado naitumia, ila hakuna anayesema neno baya, na hatuishii kwenye makunyanzi. Wanaikunja kimya, wanaikunjua, kisha wanafuata mistari kwa wino na kuijaza rangi mpaka inakuwa kama ramani ya mito. Watoto wenyewe huona kwamba karatasi iliyonyooka isingeweza kuchorwa hivyo.

Mshauri wa Wanafunzi:
Hiyo ni bora zaidi, nakubali. Wasiwasi wangu uliobaki ni kwamba mtoto anaweza kuelewa kuwa maumivu yalikuwa na faida, na hapo mwonevu anapata kisingizio. Ningeitumia kwa watoto wakubwa kidogo, wanaoweza kuubishia mfano wenyewe.

Kalamu Butu:
Nawashukuru nyote. Nitaanza na michoro ya jozi wiki hii, kisha tukio la wanyama wiki ijayo, kazi zote zikibaki kwenye mafaili yao. Swali moja limebaki: siku ya kwanza, mtoto huyu nimpange na nani? Nilifikiria yule msichana mpole ambaye huelewana na kila mtu.

Mchoraji Mstaafu:
Usimpange na huyo. Mtoto mpole ndiye anayepewa kazi hiyo kila mara, wenzake wanajua maana yake, na yeye mwenyewe huchoka. Mpange na yule anayependa kuchora kuliko wote, kwa sababu dakika zote kumi macho yake yatakuwa kwenye karatasi, akingoja kuona mstari unaofuata utaelekea wapi.