Kibali kinasema "ukarabati", nyumba inashushwa hadi msingi: ramani za Mji Mkongwe zinapitiwa na nani?

MKATO_NA_TIMAZI (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, salaam. Piteni Shangani, Kiponda, Malindi, Hurumzi, mtazame wenyewe. Mabati ya kuzibia mbele, mlango wa kuchonga umeshang'olewa, ukichungulia ndani hamna dari wala ngazi, ni kuta na mbingu. Nje kibao kimeandikwa "ukarabati". Ukarabati wa kitu gani, wa hewa?

Shida yangu si mtu kujenga. Shida ni kwamba ombi la kubomoa linaingia likiwa limevaa kanzu ya ombi la kukarabati, na wanaolipitia wanatazama kanzu tu.

Tuanze na nyumba yenyewe, maana hata baadhi ya wanaogonga mihuri inaonekana hawaijui. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe haina fremu ya nguzo. Ukuta ndio jengo: mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene wa sentimita 50 hadi 60, na boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta huu hadi ule. Boriti haivuki sana mita 3, ndiyo sababu vyumba vya kizamani ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe, likamwagwa zege la chokaa, likapondwa mpaka likashikana. Sasa boriti zile hazibebi sakafu peke yake. Zimezishika kuta mbili zisiachane. Ukizitoa zote kwa pamoja, bila kuegemeza, umeuacha ukuta wa ghorofa tatu umesimama kwa imani. Masika ikipiga unaanguka, kisha inaandikwa ripoti kwamba "jengo lilikuwa bovu, limeporomoka lenyewe".

Hiyo ni njia ya kwanza ya kubomoa bila kuomba. Ya pili haina hata haja ya nyundo. Unatoa mabati manne ya paa, unauacha mlizamu uzibe majani, unafunga mlango unakwenda zako. Maji yanaingia kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, mahali pasipopita upepo. Vichwa vinaoza, sakafu inalala, ukuta unatoa tumbo upande wa mtaani. Misimu miwili mitatu tu ya mvua, unarudi na mhandisi anayesema nyumba ni hatari kwa wapita njia. Anasema kweli, na hapo ndipo ujanja ulipo: hatari ni ya kweli ila imelimwa na kumwagiliwa.

Na hiyo ripoti ya mhandisi! Kurasa mbili, picha tano za nyufa zisizo na kipimo, hitimisho "libomolewe". Ripoti ya kubomoa nyumba ya daraja la kuhifadhiwa iwe na mchoro wa kila ukuta na nyufa zake, upana kwa milimita. Iwe na timazi iliyoteremshwa kila ghorofa ili tujue ukuta umeinama sentimita ngapi na kuelekea wapi. Vichwa vya boriti vichomwe kwa patasi kimoja kimoja, kizima kiandikwe kizima. Plasta ifunguliwe sehemu kadhaa tuone kama ndani udongo bado umeshika au umekuwa vumbi. Kwenye nyufa kubwa kibandikwe kibandiko cha jasi chenye tarehe, kisubiriwe wiki kadhaa: kikipasuka ufa unatembea, kisipopasuka ufa ni wa zamani umeshalala. Kisha ndiyo yaje makadirio mawili yaliyowekwa ubavu kwa ubavu, gharama ya kukarabati na gharama ya kujenga upya. Ripoti isiyo na haya irudishwe siku hiyohiyo, isifike hata mezani kwa kamati.

Nije kwenye ramani za jengo jipya. Mwombaji analeta sura ya mbele iliyopakwa rangi nzuri, madirisha ya tao, baraza, mlango wenye misumari ya shaba. Kila mtu anatikisa kichwa. Mkato, yaani mchoro wa jengo kama limepasuliwa kutoka juu hadi chini, hauulizwi! Nyumba ya kizamani ghorofa moja inakwenda karibu mita 4. Tatu zinafika mita 12. Mwombaji naye anachora mita 12 zilezile, ila ndani anapenyeza ghorofa nne za mita 3. Urefu "umezingatiwa". Lakini mistari ya madirisha hailingani tena na ya jirani wa kulia wala wa kushoto, vyumba vimeongezeka, vyoo vimeongezeka. Na hizo mita 12 zimepimwa wapi? Mara kutoka usawa wa mtaa, mara kutoka sakafu ya ndani iliyonyanyuliwa. Mara ukingo wa juu umehesabiwa, mara haukuhesabiwa. Halafu juu ya yote linakuja banda la makuti la kunywea chai wageni, tangi la maji na safu ya viyoyozi, na hakuna hata kimoja kilichokuwamo kwenye ramani.

Kiwango cha chini ninachokidai: ramani ya jengo lililopo kama lilivyo, kwa skeli ya 1:50, ikionyesha kwa rangi tofauti kinachobaki, kinachotoka na kipya. Mikato miwili, mmoja uvuke mtaa uonyeshe nyumba ya mkabala. Sura ya mbele ichorwe pamoja na majirani wasiopungua wawili kila upande. Milango, ngazi na nakshi zipigwe picha na kupimwa kabla ya kitu chochote kuguswa, maana mlango ukishatoka "kwenda kutengenezwa" mara nyingi haurudi.

FUNDI_CHOKAA

Umesema kweli lakini umeisahau plasta, na plasta ndiyo inayoua nyumba nyingi kuliko nyundo. Kibali kinaandika "kupiga lipu na kupaka rangi", basi. Lipu gani? Fundi anakuja na saruji kwa sababu inakauka kesho na bosi anataka picha.

Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu kutoka chini na una chumvi yake tangu baharini. Chokaa inauruhusu unyevu utoke. Saruji inaufungia ndani. Maji yakikosa njia yanapanda juu zaidi, chumvi inakauka nyuma ya lipu na kuisukuma. Utaona linapiga sauti ya uwazi ukiligonga, kisha linadondoka bamba zima na kung'oa ngozi ya ukuta. Ukifika hapo, udongo wa ndani umeshalainika.

Kibali kinatakiwa kiandike wazi: chokaa iliyozimwa na kulazwa, si ya unga iliyofunguliwa leo asubuhi, chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga usiwe wa pwani, ukuta uloweshwe kwanza, tabaka moja lisizidi sentimita moja na nusu, likingwe jua na linyunyiziwe maji siku kadhaa. Ukimaliza upake chokaa, si rangi ya plastiki. Rangi ya plastiki juu ya lipu la chokaa ni saruji kwa jina jengine.

Kuhusu slabu, yaani sakafu ya zege la saruji wanayoiweka badala ya dari ya boriti, msidanganyike kwamba tatizo lake ni uzito. Dari ya kimji nayo ni nzito: zege la chokaa na mawe la sentimita 25 halipungui kilo 400 kwa mita ya mraba, na slabu ya saruji ya sentimita 15 ni kama 360. Tatizo ni namna inavyoingia. Ili kuisimamisha wanachimba ukuta waingize nguzo za nondo za sentimita 30. Ukuta ulikuwa 50, umebaki 20, na hiyo 20 ni mawe madogo na udongo! Wakati wa kumwaga na kuloweka zege, maji yanashuka ukutani siku nyingi. Baadaye slabu haikubali kucheza na ukuta unacheza, ufa unatokea palepale vinapokutana. Na anayetaka kuongeza ghorofa ajue: tofali la saruji la sentimita 15, ukuta wa kimo cha mita 3, ni karibu kilo 950 kwa kila mita ya urefu kabla ya lipu. Unaupeleka wapi mzigo huo?

Boriti hubadilishwa moja moja. Unaegemeza chini, unabadili moja, unaruka mbili, unarudi. Kichwa kiachiwe nafasi ya kupumua ukutani. Kazi ya wiki nyingi, kwa hiyo hawaitaki.

MRITHI_WA_KIPONDA

Haya, na sisi wenye nyumba tuseme. Mnaongea kama kila mmiliki ni tajiri wa hoteli. Nyumba nyingi ni za mirathi, warithi kumi na zaidi, wengine Muscat, wengine Uingereza, na hakuna anayetaka kutoa senti. Nyingine ni za wakfu, nyingine za serikali tangu baada ya 1964, na mpangaji analipa kodi isiyonunua hata galoni la rangi. Boriti nazo si za kwenda kuokota, kukata mikoko kuna kibali chake. Chokaa iliyolazwa vizuri huipati dukani.

Na mapitio yenyewe? Mtu anataka kubadili boriti sita na kuziba paa kabla ya masika, anaambiwa alete ramani za mchoraji, nakala nne, asubiri kikao. Kikao hakina tarehe. Mvua haisubiri kikao. Akianza kazi anasimamishwa, lakini anayejenga ghorofa ya nne usiku hasimamishwi. Mkitaka watu waheshimu utaratibu, utaratibu nao uwe na heshima.

MKATO_NA_TIMAZI

Mrithi, hapo sikupingi hata neno. Paa, mlizamu, boriti chache, lipu la chokaa, haya yapewe fomu ya ukurasa mmoja yenye masharti yaliyokwishachapwa, mkaguzi aje aone, jibu ndani ya siku chache. Kinachonikera ni kwamba mambo yamegeuzwa: dogo linabanwa, kubwa linapita. Nguvu za kamati ziende kwenye kubomoa, kuongeza ghorofa, kugeuza nyumba kuwa hoteli.

Na hilo la hoteli liangaliwe peke yake. Nyumba iliyokuwa na vyoo viwili ikawa na vyumba 12, kila kimoja na bafu lake, mabomba yamezikwa kwenye ukuta wa udongo na chokaa. Kiungo kimoja kikivuja hakionekani mpaka ukuta umelewa. Mabomba yapite nje ya ukuta, kwenye shimo moja linalofunguka, na hilo lionekane kwenye ramani kabla ya kibali.

MSOMA_VIFUNGU

Niongeze upande wa kimataifa kwa kifupi. Mji Mkongwe uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mpango wa hifadhi upo tangu 1994, sheria ya sasa ni ya 2010. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba hakuna kanuni. Mwongozo wa Mkataba wa Urithi wa Dunia, aya ya 172, unaitaka nchi itoe taarifa ya ujenzi mkubwa kabla ya uamuzi ambao ni vigumu kuurudisha nyuma. Msisitizo: kabla. Mambo Msiige, jumba la kale la Shangani lililogeuzwa hoteli, tuliona kinyume chake. Hoteli ilifunguliwa 2015, na malalamiko ya Kamati ya Urithi wa Dunia kuhusu ukubwa wa jengo jipya na kuliwa kwa uwanja wa wazi hayakuiondoa hata tofali moja.

Wanaosema "watatufanya nini" wakumbuke Dresden ilifutwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2009 kwa ajili ya daraja, na Liverpool 2021 kwa ajili ya majengo mapya ya ufukweni. Wote wawili walionywa kwanza.

Na kwa wanaodhani kuegemeza ni anasa: Beit al-Ajaib, jengo la 1883, sehemu yake ilianguka 2012, na tarehe 25 Disemba 2020 upande mkubwa ukaporomoka kazi ya ukarabati ikiendelea, watu wawili wakafa. Lile lilikuwa jengo linalotazamwa na dunia nzima. Kichochoro cha nyuma nani anakitazama?

UKUTA_WA_PAMOJA

Wakuu, mtu anayeishi ukuta kwa ukuta na jengo linalobomolewa afanye nini leo? Mtoa mada katueleza wapitiaji wafanye nini, sisi majirani je?

MKATO_NA_TIMAZI

Kabla hawajaanza, piga picha kila chumba chako kinachopakana nao, weka rula kwenye kila ufa, picha iwe na tarehe. Waandikie mwenye mradi na sheha kwa pamoja, nakala mbili kila barua, moja ibaki kwako ikiwa na saini ya kupokelewa. Omba kuona kibali na ramani zilizogongwa muhuri, si kibao cha nje. Tazama mambo matatu tu: idadi ya ghorofa, kimo kwa mita na kimepimwa kutoka wapi, na neno "kubomoa" kama limo. Kama halimo na wameshatoa dari, hiyo ni kazi isiyo na kibali, andika hivyo hivyo kwa ofisi yenye dhamana, ambatanisha picha.

Dai pia boriti zinazoingia kwenye ukuta wenu wa pamoja zisikatwe mpaka mategemeo yawekwe pande zote mbili. Wakikuambia wataweka baadaye, usilale chumba kile.

FUNDI_CHOKAA

Na ukisikia mashine ya kukatia zege upande wa pili, usiandike barua kwanza. Toa watoto nje, barua baadaye.