MREJESHO: Kaka aliyeambiwa ana "damu nzito"

Wakuu, niliuliza kuhusu kaka yangu, mvuvi wa Igombe hapa Mwanza, aliyeambiwa na maabara ya mtaani kuwa damu yake nzito. Mkagawanyika: wengine kitunguu saumu, wengine aspirini.

Tumemwona daktari. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyojaa seli, ilikuwa asilimia 54. Kwa mwanaume kawaida huishia kama 50. Daktari hakuishia hapo. Akapima presha: 150/95. Kiuno nacho (kaka akacheka, mimi sikucheka). HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3, ikasoma 6.9, na kuanzia 6.5 ni kisukari.

Alivyotueleza, chembe nyekundu hulazimika kujikunja zipite kwenye mishipa myembamba kuliko zenyewe. Sukari ikizidi zinakakamaa. Fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, ikiwa juu zinashikana, damu inapita kwa shida. Ndiyo maana uzito wa damu mara nyingi huambatana na presha, kitambi na sukari. Kwa kaka kuna na sigara: moshi wake huziba nafasi ya oksijeni, mwili unajibu kwa kutengeneza chembe zaidi.

Aspirini daktari kakataa. Inazuia chembe sahani, zile za kuzuia damu kuvuja, kugandana, haipunguzi chembe nyekundu, na inaweza kutoboa tumbo.

Kaka kaanzishiwa metformini, dawa ya sukari, na dawa ya presha, na maji ya kutosha anapokuwa ziwani. Sigara bado tunabishana. Vipimo vinarudiwa baada ya miezi 3.