Nataka kufungua biashara ya kusaidia wasanii wa hapa Kigoma wasio na lebo (kampuni ya kuwasimamia), hela inatokea wapi hasa?

Mtoto wa Mwanga
Wakuu habari za jioni, na wa nyumbani mwakeye.

Niko Kigoma mjini, pande za Mwanga. Nina kastudio ka chumba kimoja, kompyuta, maiki moja ya maana, godoro ukutani kama kawaida yetu, na spika mbili nazikodisha kwenye harusi na mikutano. Sasa shida yangu ni hii, vijana wanaoimba hapa ni wengi na wanajua, kuna dogo wa Ujiji akishika maiki hata boda wanazima pikipiki nje wasikilize, lakini wanarekodi kwa mkopo, wimbo unatoka, unaishia kwenye simu za washkaji wiki moja umekufa. Akipata nauli anakimbilia Dar. Kumbuka hata ile Kigoma All Stars ya 2012, kina Diamond, Mwasiti, Linex, damu ya Kigoma kweli lakini wengi majina yao tuliyasikia kutokea Dar, hapa kwetu tulibaki kupiga makofi.

Nataka kitu kinachoishi hapa hapa. Nirekodi, nipandishe nyimbo mitandaoni, nitafute shoo, nisimamie hesabu. Kaka yangu mkubwa anafanya biashara ya mawese kule Kasulu, yuko tayari kunitilia hela niongeze vyombo, ila masharti yake tuwe lebo, wasanii wasaini miaka mitano na nyimbo zote ziwe mali ya kampuni. Mi moyo unasita. Naombeni ushauri, nifuate kaka au nitoze kwa huduma? Na usajili unaanzia wapi? Matusi pelekeni jukwaa lingine.

Siti ya Mbele
Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

Fundi Mitambo
Mkuu kabla hujamsainisha mtu hebu piga hesabu kwanza hiyo mali unayoitaka ina thamani gani. Spotify, ile app ya kusikilizia muziki, tangu 2024 wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. YouTube ili uanze kugawana nao hela za matangazo unatakiwa uwe na watu 1,000 waliosabskraibu na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, hapo bado hawajakutumia mpaka ifike dola 100. Sasa dogo wa Ujiji mwenye viyuzi mia tatu, nusu zake ni wewe na yeye mnarudia kuangalia, utachukua asilimia 50 ya nini? Mtagombana kwa kitu ambacho hakipo.

Mitandao mpandishie, ni muhimu, MC au mtu wa redio akimtafuta amkute. Ila usiiweke kwenye bajeti ya kodi ya chumba. Tena fungua akaunti ya usambazaji, ile ya kupeleka nyimbo mitandaoni, kwa jina la msanii na barua pepe yake, wewe mchaji hela ya kazi ya kupandisha na kutengeneza kava, basi. Vijana wengi wamepoteza nyimbo kwa sababu akaunti ilikuwa ya prodyuza na prodyuza kahama mji na namba kabadilisha.

Mtoto wa Mwanga
Fundi umenivunja nguvu kidogo ila nimekuelewa. Sasa kama mitandaoni hakuna, mtaani wenyewe hawana, nakula wapi?

Mhazini wa Kwaya
Mdogo wangu unatafuta wateja na wamekuzunguka. Mimi natunza hela za kwaya yetu hapa Kasulu. Kwaya ikitaka kurekodi haikopi, tunachanga mwaka mzima, tunaweka harambee, tukija studio tunakuja na hela mkononi na watu arobaini. Shida yetu ni nini? Studio za chumba kimoja hatuenei! Tunaimba kwa zamu, sauti ya tatu inasubiri nje juani, mwisho wa siku masta, ile rekodi ya mwisho, inasikika kama tumeimba chooni. Ukipata ukumbi wenye utulivu na maiki sita saba ukafuata kwaya kanisani kwao usiku ambao hakuna jenereta la jirani linalonguruma, utashangaa. Na hatutaki audio tu, tunataka video, tunataka nyimbo kwenye flashi tuuze siku ya uzinduzi. Huu mkoa wetu na Tabora kwaya ndo zenyewe, waulize wazee kuhusu kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu, kaseti zao zilifika mpaka vijiji ambavyo gari haifiki.

Hela ya kwaya ikulipie kodi, hao vijana wa bongo fleva uwabebe kwa nafasi inayobaki. Ila usituletee autotune ya kunyoosha sauti kwa kompyuta tafadhali.

Baharia wa Katonga
Mi niongezee la shoo maana naona mnazunguka. Shoo za hapa zinakufa kwa sababu watu wanapanga kwa kalenda ya Dar, eti Jumamosi ya mwisho wa mwezi mshahara umetoka. Mshahara wa nani Katonga?? Huku hela inafuata mwezi wa angani. Kwenye giza watu wote wako ziwani na taa zao wanavua dagaa, kijiji kimebaki na kina mama na watoto. Mbalamwezi ikianza dagaa hawaji kwenye taa, basi mitumbwi inapanda mchangani, nyavu zinashonwa, na vijana wana siku kadhaa wako nchi kavu na hela mfukoni hawajui waipeleke wapi. Hapo ndo uweke shoo, Katonga, Kibirizi, kiingilio kidogo tu, saa kumi na mbili jioni wameshavaa wameanza kukuuliza mnaanza saa ngapi.

Alafu angalia na mambo ya serikali, 2024 walifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu huku kulikuwa kimya, hata muuza mihogo alilia. Ukipanga shoo kipindi kama hicho umeisha.

Mnyamwezi Halisi
Hapo Baharia kasema. Sisi Tabora ni tumbaku. Malipo yakishatoka kwenye AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, Urambo na Kaliua ukumbi haukosi watu, kabla ya hapo hata ulete nani wanachungulia dirishani.

Mkuu mimi nina jambo moja tu, nunua vyombo. Wazee wetu walikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz, mji mmoja wa reli una bendi zote hizo, na Shem Karenga mwenyewe kabla ya Tabora Jazz alianzia Lake Tanganyika Jazz huko kwenu. Enzi zile mwenye vyombo ndo mwenye bendi, mwanamuziki anaweza kuhama kesho lakini gitaa linabaki. Leo hivyo hivyo. Ukiwa na spika nne za maana, mikisa ya kuchanganyia sauti na jenereta, wiki nzima zinakodishwa harusi, mikutano ya injili, kampeni zikija ndo usiseme, na Jumapili jioni unawapigia wasanii wako bure kwa sababu vyombo vimeshajilipa. Huyo kaka yako ana akili ya biashara ila anataka kushika nyimbo wakati angeshika spika.

Sina Huruma
Nyie mnamdanganya kijana. Wasanii hawana shukrani wazee. Unamlisha, unamrekodia bure, unamlipia video, siku akipata jina anasema alijitoa mwenyewe. Bana mkataba miaka mitano, tena kumi. Kaka yake yuko sahihi, hela yake si ya sadaka.

Wakili Msomi (wa kujisomea)
Sina Huruma hela iheshimiwe sawa, ila kuna njia. Andika kwamba msanii anadaiwa gharama za video kiasi fulani, itarudi kwenye mapato ya kwanza ya shoo, ikishaisha unachukua ya umeneja asilimia 15 au 20 ya kile ULICHOMTAFUTIA wewe. Mwaka mmoja, mkipendana mnaongeza. Anayekaa kwako kwa sababu anapata kazi hakukimbii, anayekaa kwa sababu ya saini atapiga chini ya kiwango mpaka umfukuze mwenyewe.

Na kitu kidogo mno ambacho studio zetu hazifanyi, weka daftari la kaunta pale mlangoni. Wimbo hautoki kwenye flashi kabla ukurasa haujajazwa: jina la wimbo, nani katunga maneno, nani kaimba, nani kapiga biti, nani kalipia studio, kila mmoja asilimia ngapi, namba ya simu, saini. Dakika tano. Saa ile wote mnacheka na soda mkononi ndo wakati wa kukubaliana, msisubiri wimbo uchezwe redioni.

Usajili sasa. Jina la biashara unasajili BRELA kwa mtandao, TIN unapata TRA, leseni manispaa hapo hapo Kigoma. BASATA ndo wanaosajili wasanii na kutoa vibali vya matamasha, pita kwa afisa utamaduni wa manispaa akuelekeze. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, sajilini nyimbo. Haki inakuwepo tangu kazi imetengenezwa, hiyo ni sheria ya 1999, ila mkigombana cheti ni ushahidi. Na kama mko vijana kadhaa undeni kikundi muulizie ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, vijana wana 4 yao, wanawake 4, wenye ulemavu 2, haina riba. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, wanakopesha.

Mtoto wa Mwanga
Wakuu mbarikiwe. Nimempigia kaka sasa hivi nimemwambia vyombo viwe vyake, mimi namlipa kila zikikodishwa mpaka hela yake irudi na faida juu, nyimbo tuwaachie wenyewe. Kanyamaza kidogo kauliza spika haziibiwi? Nimemwambia nalala nazo chumba kimoja. Kasema nimpelekee bei za mikisa na jenereta kwanza ndo tuongee, sasa nikimjua kaka hiyo ni ndio.

Dada Mhazini nakuja Kasulu kwenye mazoezi yenu, naomba uniulizie siku ambayo kwaya inakuwa imetimia yote, na kanisa lina bati au dari? Maana mvua ikinyesha kwenye bati hatutarekodi kitu.

Mhazini wa Kwaya
Bati mdogo wangu. Njoo kiangazi. Jumatano na Ijumaa jioni wanakuwepo wote, sauti ya nne ndo huchelewa.

Baharia wa Katonga
Na mbalamwezi ijayo usinisahau, eneo la wazi huku lipo, mwenyekiti wa mtaa ni mtu wetu. Mlete huyo wa Ujiji tumsikie.

Sina Huruma
Samahani mleta mada, hizo spika mbili ulizonazo kwa sasa unakodisha shilingi ngapi kwa usiku? Nina harusi ya mdogo wangu Gungu na mwenye vyombo niliyemlipa advansi hapokei simu.

Mtoto wa Mwanga
Njoo inboksi mkuu. Ila tunaandikishana 😂