Mpangaji miezi 4 hajalipa, LUKU moja vyumba sita, ba'mdogo anasema niezue bati. Nifanyeje?

BintiMkubwa

Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri kwa wale wenye nyumba za kupangisha maana mimi ni mgeni kabisa kwenye hii kazi. Mzee wetu alifariki mwaka jana akatuachia nyumba Mbagala, vyumba sita vya kupanga, uani kuna choo na bafu, kila chumba elfu 50 kwa mwezi. Mimi nafanya kazi Dodoma ila ndugu wamekubaliana mimi ndio nisimamie. Sasa kuna mpangaji yupo tangu enzi za mzee, hana mkataba wa maandishi, walikuwa wanaaminiana tu, ana miezi 4 hajalipa na kila nikimpigia anasema wiki ijayo mwanangu. Ana watoto wawili wadogo na kusema kweli roho inaniuma. Ba'mdogo anasema nisipoteze muda, nipige kufuli, akibisha niezue bati juu ya chumba chake, atatoka mwenyewe.

La pili ni umeme. LUKU, ile mita ya kulipia umeme kabla, ni moja, wanachanga elfu tano tano, na kila wiki napigiwa simu ya ugomvi. Mmoja ana friji anagandisha barafu za kuuza, mwingine ana taa moja na chaji ya simu, wote wanatoa sawa. Juzi wamekaa giza siku mbili kwa sababu watu wamegoma kuchanga. Naanzia wapi?

Mzee wa Fremu

Pole na msiba mwanangu. Naanza na hilo la bati kwa sababu ndilo litakalokuponza. Usiezue, usipige kufuli, usitoe vitu vya mtu nje. Mimi nilishapiga kufuli chumba cha mtu miaka kama kumi iliyopita, nilikuwa na hasira na nilikuwa na haki ya kudai, lakini nilivyopiga kufuli tu kesi ikageuka. Jamaa akaenda polisi akasema ndani kulikuwa na hela ya mchezo laki nane na cherehani, hela haionekani. Utathibitishaje kwamba haikuwepo? Nilihangaika na ile kesi miezi, nikaishia kusamehe kodi na kumuongezea hela juu ili yaishe. Niliyekuwa namdai mimi, sasa akawa ananidai yeye!

Njia ni hii. Safiri, usimalize kwa simu. Nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, mueleze, aitwe mpangaji mkae watatu. Mwambie aandike kwa mkono wake kwamba anadaiwa laki mbili, atalipaje na lini, asaini, mjumbe asaini na mhuri wa mtaa upigwe. Kama anaweza kulipa kodi ya mwezi elfu 50 na kupunguza deni elfu 25, miezi minane limeisha. Asipotekeleza ndio unampa notisi ya maandishi yenye tarehe, nakala unabaki nayo, nyingine unaacha serikali ya mtaa. Ikishindikana kabisa Baraza la Kata linawasuluhisha, na huko nako mkishindwana mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku hizi la kata linasuluhisha tu halihukumu, kwa hiyo usishangae wakikwambia hatuwezi kumtoa.

mama_wawili_Tabata

Kabla ya yote naomba kuuliza, mirathi mmefungua? Maana "ndugu wamekubaliana" haitoshi dada. Mpangaji mjanja anaweza kusimama mbele ya baraza akasema mimi nilipangishwa na marehemu, huyu simjui, nimlipe kama nani. Na hapo utakwama kweli. Nendeni mahakama ya mwanzo mkiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia, uteuliwe msimamizi wa mirathi, halafu ile barua ya mahakama toa kopi kila mpangaji aione. Sisi kwetu tulichelewa, ikawa kaka anapokea kodi za vyumba viwili, shangazi vitatu, hakuna anayemjua mwenzake kapokea ngapi, hadi leo hawasalimiani. Na kumbuka ile kodi ni ya warithi wote sio yako, kwa hiyo fungua akaunti au laini ya simu ya nyumba peke yake na wapangaji wote walipie humo. Ukichanganya na hela yako ya mshahara hutaweza kueleza mtu kitu.

fundi_wa_Kilwa_Road

Mimi ni fundi umeme naongelea hapo kwenye LUKU tu maana ugomvi huu nakutana nao kila siku. Kuchanga sawa kwa sawa haiwezekani pale penye friji, mtakosana mpaka mwisho. Fungeni submita kila chumba. LUKU inabaki ileile moja, ila kila chumba kinapita kwenye kimita chake na mwisho wa mwezi mnasoma. Kwa matumizi ya kawaida elfu kumi inakupa kama uniti 28, maana yake uniti moja inakuja kama 357. Chumba cha barafu kikisoma uniti 60 analipa kama 21,400, yule wa taa moja akisoma uniti 6 analipa 2,150 tu, hapo nani atalalamika? Zile uniti za bei rahisi za watumiaji wadogo usizitegemee, zile mwisho ni uniti 75 kwa mwezi kwa mita nzima na vyumba sita haviwezi kubaki humo.

Vitu vitatu watu wanakosea. Kwanza wanauza uniti kwa faida, mwenye nyumba ananunua 357 anauzia wapangaji 500, wakijua wanaanza kuchokonoa waya na kujiunganishia nje ya mita, na hapo ndipo nyumba zinapoungua. Pili taa ya uani na ya chooni haina mwenyewe, iweke kwenye submita yake, ilipe wewe au igawanywe na iandikwe kabisa. Tatu kodi ya jengo. Ile inakatwa kwenye LUKU, nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, na wapangaji wakinunua wanaona uniti zimepungua wanadhani mwenzao kaiba. Ile ni ya mwenye nyumba, warudishie au wakate kwenye kodi yao.

Na usomaji wa mita msimuachie mtu mmoja, wasome wawili, namba ziandikwe kwenye daftari na kupigwa picha.

BintiMkubwa

Asanteni sana, hilo la kodi ya jengo sikulijua, kumbe ndio maana kila tarehe za mwanzo kuna kelele. Mirathi tumefungua ila barua haijatoka bado. Sasa swali moja, yule mpangaji jana kamtuma mtu kwangu, anasema nikimsamehe deni atahama mwenyewe mwisho wa mwezi. Ba'mdogo amekasirika anasema ni kudharauliwa.

Mzee wa Fremu

Mkubalie. Piga hesabu, deni ni laki mbili. Ukienda barazani ni nauli za Dodoma kwenda na kurudi sijui mara ngapi, ruhusa kazini, na miezi yote hiyo chumba kiko kwake na kodi haiingii. Ila usisamehe kwa mdomo. Iandikwe hivi, deni linafutwa siku atakayokabidhi funguo na chumba kikiwa kitupu mbele ya mjumbe, akipitisha tarehe deni liko palepale. Msameheni kwa moyo mweupe maana alikaa na mzee vizuri, na ba'mdogo mwambie laki mbili haifiki gharama ya bati jipya na fundi.

mama_wawili_Tabata

Na atakayeingia usimpokee kwa simu ya dalali. Aje na kitambulisho cha NIDA na jina la mdhamini, alipe angalau miezi mitatu au sita, mkataba wa maandishi hata wa ukurasa mmoja. Uandikwe nani analipa choo kikijaa, nani anatengeneza koki, notisi ni muda gani, barafu anaruhusiwa au la. Ulipie na ushuru wa stempu TRA, bila hivyo siku ya kesi mkataba haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe. Na piga video ya chumba siku ya kukabidhi, kitasa, vioo, swichi zote, mtumie WhatsApp hapohapo ajibu ameona.

BintiMkubwa

Nimempigia mjumbe, amesema Jumamosi saa nne yupo. Ijumaa usiku napanda basi. Fundi naomba uniambie, submita zikae ndani ya kila chumba au zote nje kwenye korido?

fundi_wa_Kilwa_Road

Zote nje, ubao mmoja, juu mtoto asifikie, ziwe na boksi la kufuli na kioo cha kusomea. Ikiwa ndani ya chumba siku mwenyewe hayupo hamsomi.